Kilichotokea Ndani ya Tangi la Mawese

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii. Sheikh wetu na Padre wetu, ambao leo mmekaa kiti kwa kiti na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kipaza sauti. Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa. Wafanyabiashara wenzangu wa Kasulu, na ninyi mliotoka Kibondo na vumbi lenu lote. Wanakikundi wa Tujaribu, mama zangu na dada zangu. Daktari wetu Swaumu. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na ninyi ambao hamkualikwa ila pilau limewaita, nawasalimu kwa Kiha: mwakeye.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwanaheri binti Tamimu, mwenye duka pale njia ya sokoni. Wengi mnaniita Mama Lukmani. Ni mlezi wa kikundi hiki cha sabuni tangu siku kilipoanza. Mshereheshaji wetu, kijana Kipriani, amenionya kwamba nina dakika kumi. Nimemwambia jambo hili nimelala nalo kifuani zaidi ya mwaka mzima, kwa hiyo hizo dakika kumi ampe Mheshimiwa Diwani, mimi aniachie muda wangu.

Tumekuja hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni kufungua nyumba hii mpya ya kupikia sabuni. La pili ni kumuaga Daktari Swaumu, ambaye kesho anarudi Dar es Salaam kwenye chuo chake na mashine zake. Lakini ukinifunua moyo, ndugu zangu, utakuta jambo moja tu humo: nimeshusha pumzi. Jana usiku nimelala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Na kwa nini nimelala hivyo, ndilo ninalotaka kuwaeleza, maana wengi wenu mlisikia mwanzo wa habari hii sokoni, na wachache sana mmesikia mwisho wake.

Sabuni yetu haina siri. Ni mawese na magadi makali. Mawese yanachemshwa mpaka wekundu upauke, yanaachwa yapoe, magadi yanaingia taratibu, mwiko haupumziki, kisha uji ule unamiminwa kwenye sanduku na kesho yake unakatwa miche. Mpishi wetu wa kwanza alikuwa Bi Kuruthumu, huyu hapa, mpaka magoti yake yalipokataa kusimama. Mwanzoni mwa mwaka jana mwiko tukamkabidhi Winifrida Ndayikeza, yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani. Na mwezi uleule tulinunua tangi jipya la kuhifadhia mafuta, tangi jeusi la plastiki, tukalizindua kwa dua na vigelegele. Tangi jipya na mpishi mpya vilikuja pamoja, na hilo ndilo lililotuponza.

Haikupita miezi mingi, sabuni ikaanza kunuka. Haikunuka siku ya kukatwa, hapana. Ilitoka hapa nzuri, inapendeza, ikikaa dukani wiki kadhaa inatoka madoa ya rangi ya chai, na ukiinusa unasikia kitu kama rangi ya mlango iliyopakwa jana. Wateja wa Kibondo wakarudisha katoni zetu. Mimi mwenyewe nilirudishiwa mche uliokwisha tumika nusu, na mama aliyeurudisha aliuweka juu ya kaunta kwa ncha za vidole. Sasa niambieni, kikundi cha akina mama kinachoishi kwa sabuni, sabuni ikinuka, kinabaki na nini?

Watu wakaanza kutafuta wa kumbebesha. Wakaangalia huku na huku, macho yakatua kwa Winifrida. Ikasemwa kwamba anachota mawese usiku, anapeleka kwao, na kile alichochota anakijazia kwa mafuta ya taa. Nani alimwona? Hakuna. Nani alinusa mafuta ya taa mikononi mwake? Hakuna. Lakini harufu ipo, na mpishi ni yeye. Na likaongezwa la kuongezwa: kwamba si wa hapa. Winifrida alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, amekulia udongo huu, amezaa kwenye udongo huu, na uraia wake ameupata kwa haki na sheria. Siku moja alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye gunia la sukari, akaniambia maneno ambayo sitayasahau. Alisema, "Mama Lukmani, uraia nilipewa kwa karatasi. Hawa wataninyang'anya kwa mdomo."

Siku ya pili yake akafungasha vyombo, akaenda Kagerankanda kwa kaka yake kulima mihogo. Na huku nyuma mkutano ukapangwa, ajenda ni moja: afukuzwe, na jina lake lipelekwe kwa mtendaji kama mwizi na mharibifu. Nisifiche, nililia. Nilimjua yule mama kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu, lakini kumjua mtu siyo ushahidi, na kwenye mkutano ningesimama na kusema nini? Kwamba ana sura ya huruma?

Hapo ndipo nilipompigia simu binti wa kaka yangu Gharibu. Swaumu Gharibu Tamimu mnamkumbuka, aliyekuwa akipita hapa na sare ya shule, kimya, miwani imemwelemea. Nilijua amesomea kemia hadi mwisho wa kusoma, lakini anachokifanya huko sikukijua. Kila nikimuuliza ananiambia, "Shangazi, natazama jinsi vitu vinavyobadilika." Nami nilikuwa najiambia, basi kazi hiyo hata mimi ninayo, natazama bei.

Safari hii nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye akili. Akanieleza. Alisema, "Shangazi, kila mmenyuko una mwanzo na mwisho, na hayo mawili kila mtu anayaona. Mwanzo kuna mafuta mazuri, mwisho kuna harufu. Kazi yangu mimi ni katikati. Pale katikati kuna vitu vinavyozaliwa na kufa kabla hujafumba jicho, na hivyo ndivyo vinavyojua nini kimetokea." Nikamuuliza anavionaje kama vinakufa upesi hivyo. Akasema anavitegea. Wenyewe wanaiita spektroskopia, neno ambalo nimelifanyia mazoezi wiki nzima, na Kipriani alikuwa ameweka dau kwamba litanishinda. Unamulika kitu kwa mwanga au kwa mawimbi ya aina fulani, na kila kitu kinajibu kwa namna yake, kompyuta inachora mistari. Anayejua kusoma mistari ile anajua nani yumo ndani.

Nilipolipeleka wazo hili kwenye kikundi, mweka hazina wetu na mwanamume pekee kikundini, Ndugu Nestori, alisimama. Nestori yupo hapa, na nimemwomba ruhusa nimtaje, akasema nimtaje. Alisema, "Mama Mlezi, huyo daktari ni mtoto wa kaka yako. Atajibu unavyotaka wewe." Watu wakanong'ona. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini Swaumu nilipomwambia alicheka, akasema mzee huyo angefaa maabara. Akasema, "Basi mwambie afungashe yeye. Achague vipande vya sabuni anavyotaka, kila kimoja akifunge uzi wa rangi yake, na maana ya kila rangi asimwambie mtu, hata wewe. Mimi nitawaambia kilichomo katika kila rangi. Yeye ndiye atakayesema rangi ni ya nani."

Mkutano ukasogezwa, na Nestori akafungasha. Na hapa nimsifu, maana alifungasha kwa akili. Kumbe lilipokuja tangi jipya, pipa la zamani lilikuwa bado na mafuta kidogo, na Winifrida aliyapika yale kwanza. Nestori alikuwa na mche wake. Kumbe tena kuna wakati Winifrida aliugua malaria, na Bi Kuruthumu na magoti yake akarudi kupika mapishi mawili kutoka tangi jipya. Nestori alikuwa na mche wa hayo pia. Vyote vikatiwa nyuzi, vikapanda basi, vikaenda.

Siku ya mkutano Swaumu akaja mwenyewe. Ukumbi ulijaa, hata wasiojua sabuni inatokana na nini walikuja. Akatoa michoro yake. Kwanza akasema alimulika sabuni zote kwa mwanga usioonekana kwa jicho, na kwamba kwa mwanga ule mafuta ya taa hayawezi kujificha. "Hayamo," akasema. "Hata tone. Haya ni mawese matupu yaliyochacha." Lakini mtu mmoja nyuma akauliza kwa nini basi yachache kwa mpishi huyu tu.

Akatoa michoro ya pili. Hii ilitoka kwenye mashine nyingine, ambayo alitueleza hivi. Unaiweka sampuli kwenye kijibomba chembamba cha kioo, unakitumbukiza katikati ya sumaku kubwa, unapitisha mawimbi ya jamii ya redio. Vitu vingi vinakaa kimya. Kinachojibu ni kile tu chenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Akasema, "Kwenye nyuzi nyeupe na njano sikuona kitu cha ajabu. Kwenye nyekundu, bluu na nyeusi, nimeona mistari minne iliyofuatana. Mistari minne namna hii ni shaba."

Kisha akamgeukia Nestori. "Baba, rangi ni za nani?"

Nestori alisimama na mfuko wake wa nyuzi. Nilimwona akizisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Angeweza kudanganya, hakuna mwingine aliyejua. Akasema, "Nyeupe ni Kuruthumu, mafuta ya pipa la zamani. Njano ni Winifrida, mafuta ya pipa la zamani. Nyekundu ni Winifrida, tangi jipya. Bluu na nyeusi..." Akazitazama tena nyuzi. "Bluu na nyeusi ni Kuruthumu, tangi jipya. Winifrida alikuwa kitandani." Halafu akakaa, akajifunika uso na kofia yake.

Mnaelewa, ndugu wageni? Ubaya haukumfuata mpishi. Ulilifuata tangi. Mimi pale nilisahau utu uzima wangu, nikapiga kigelegele peke yangu, na Sheikh akanitazama.

Lakini tukabaki na swali. Shaba imetoka wapi? Tangi ni plastiki. Koki ni plastiki. Chungu ni cha chuma, mwiko ni mti. Daktari akauliza wanakikundi mmoja mmoja, "Kuna mtu ameweka kitu chochote kibaya kwenye mafuta?" Wote wakaapa, Waislamu kwa Mungu na Wakristo kwa Mungu huyohuyo, kwamba hakuna. Hata mimi nikamvuta pembeni nikamwambia, "Mwanangu, mashine yako inaota." Akanijibu, "Shangazi, mashine haijui nani. Inajua nini. Mwageni mafuta."

Tukatoka wote hadi kwenye tangi, tukayahamisha mafuta, ndoo kwa ndoo, umati mzima umesimama. Tulipofika chini, Swaumu akainama na tochi, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa bangili. Bangili ya shaba, imelika upande mmoja imebaki nyembamba, na ina ukungu wa kijani. Kisha Bibi Esteri, mama yetu mkubwa kuliko wote kikundini, akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Hiyo ni yangu."

Nani kati yetu hakuiona siku ile? Sote tulikuwepo. Siku ya kuzindua tangi, Bibi Esteri alivua bangili aliyovishwa na mama yake, akaidondosha ndani ili tangi lisikauke na kikundi kisitawanyike, nasi tukapiga makofi na Padre akasema amina. Tulipoulizwa nani ameweka kitu kibaya, tulijibu kweli kabisa. Bibi Esteri akatutazama akasema, "Mliuliza kitu kibaya. Mimi niliweka baraka." Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikafanya vyote.

Baadaye, dukani kwangu, Swaumu akanimalizia ile katikati yake. Alisema mawese yanapokaa, hewa inajishika nayo polepole na kuzaa kitu kinachoitwa peroksaidi, ambacho kikiachwa kinakaa kwa amani. Mawese nayo yana ukali wake, yanailamba shaba kidogo kidogo mpaka inayeyuka humo. Shaba ile ikikutana na peroksaidi inaivunja, na vipande vinavyotoka vina elektroni moja isiyo na mwenzake. Kisicho na mwenzake hakitulii. Kinamkwapulia jirani, jirani naye anakuwa hana, anamkwapulia wa tatu, na hivyo hivyo mpaka tangi zima limeharibika, na mabaki yake ndiyo yanayoruka hewani yakafika puani. Nikamwambia hao nawajua, wako mtaa wa pili kutoka kwangu. Vipande vile, akasema, alivitilia dawa ya kuvinasa, vikinaswa vinatulia kiasi cha kupigwa picha, na picha zake anazo. Kisha akapika sabuni huko chuoni, moja kwa mafuta yaliyolazwa na shaba na nyingine bila shaba. Ya shaba ilinuka. Nyingine mpaka leo inanukia sabuni.

Nimeyawaza sana maneno yake. Sisi tuliona mwanzo, Winifrida amesimama kwenye chungu. Tukaona mwisho, harufu. Katikati hatukuiona, tukaijaza kwa midomo yetu. Binti huyu hakujaza. Alisema sijui, ngoja nitazame. Swaumu mwanangu, wako wanaofikiri elimu yako ni ya vitu vidogo visivyoonekana, vya kusomwa na wazungu wawili na kufungiwa kabatini. Mimi nasema umelirudisha jina la mtu, na kikundi hiki kitakushukuru hata kisipojua kutamka jina la mashine yako. Baba yako Gharibu amekaa pale anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kaka, hakuna kitu mfukoni, lia tu.

Bibi Esteri, nawe usiinamishe kichwa. Baraka yako haikuharibika, iliwekwa pasipo pake tu. Sasa bangili imetundikwa juu ya mlango wa stoo, pakavu, mbali na mafuta, na Daktari amethibitisha kwamba hapo haina neno. Na sabuni imetulia. Wateja wa Kibondo wamerudi, na sasa kwa kuwa kambi ya wakimbizi ya Nduta imefunguliwa tena na ndugu zetu wa Burundi wanaingia kila siku hawana hata mche wa kufulia nguo za watoto, wanaohudumia huko wamekuja kutuulizia. Ndiyo maana ya nyumba hii.

Limebaki moja, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Winifrida, mwanakikundi mwenzangu. Nestori alikwenda Kagerankanda kwa baiskeli kukuomba radhi. Ulimpa maji, ukamsikiliza, ukamsindikiza, hukusema neno. Wenzako wakaja na khanga. Ulizipokea, hukusema neno. Leo umekuja, umekaa mbele, umetulia, na hatujui umekuja kurudi au umekuja kuaga. Sikulaumu. Mtu akitukanwa hadharani ana haki ya kunyamaza hadharani. Tangu asubuhi mafuta ya kwanza ya nyumba hii yako motoni humo ndani, na hakuna aliyethubutu kuushika mwiko ule kama wake. Wanapokezana, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Sikuombi usahau. Nakuuliza mbele ya Diwani, Sheikh na Padre, na mbele ya waliokusema: utarudi?

Ndugu wageni, tuvumiliane kidogo. Amesimama.

Winifrida, unakwenda wapi? Sema kwa nguvu, mama, wa nyuma hawasikii. Anasema... anasema hotuba yangu ni ndefu mno na yeye kwa pua yake anasikia moto umezidi. Anasema mafuta yataungua.

Mpisheni. Nestori, acha kumshika mkono, mkono huo una kazi. Nenda katoe kuni mbili chini ya chungu kama ulivyosikia. Jamani, utepe. Winifrida, utepe wa Mheshimiwa, ngoja... Basi. Amepita nao.

Mheshimiwa Diwani, utuwie radhi, mkasi wako hatukuutumia. Nyumba imekwisha kufunguliwa. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Mimi nimemaliza, naomba niende nikamsaidie kukoroga.